Nchi Nzuri na Watu Wasio na Majina: Picha za Mohamed Amin

Sisi tunaokaa Luvungi tumezoea kupigwa picha. Barabara itokayo Bukavu hushuka milima ya Ngomo kwa kona zake za kutisha, hufika Kamanyola, hupita kwetu, kisha huendelea Sange na Kiliba mpaka Uvira. Msafiri mwenye kamera akifika pale milima inapoishia, husimama. Mbele yake aona uwanda wa Ruzizi, mashamba ya mpunga na mihogo, mto unaojipinda kuelekea ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya mto milima ya Burundi. Hupiga picha yake, hufurahi, huenda zake. Siku nyingine huja mtu wa pili, naye ana kamera. Huyu huletwa na habari: pana vita, au maradhi, au mafuriko. Hupiga picha ya mama aliaye, naye huenda zake.

Yule wa kwanza alichukua nchi, akatuacha sisi. Yule wa pili alituchukua sisi, akaiacha nchi. Basi twauliza: je, hapana mpiga picha awezaye kuchukua yote mawili pamoja? Swali hili si la mchezo kwetu. Mwezi wa Februari 2025 mji wa Bukavu uliingia mikononi mwa M23, na mwezi wa Desemba mwaka uleule mapigano yalishuka uwandani mpaka Luvungi na Uvira. Watu kwa maelfu walivuka kukimbilia Burundi, na picha zao zilitazamwa katika nchi nyingi. Wale waliozitazama walielewa nini? Hilo ndilo lililotusukuma kuandika.

Ili tupate jibu, tumechagua kazi ya mtu mmoja ambaye alifanya kazi zote mbili, ya nchi na ya habari, tena katika pande hizi zetu za Afrika. Jina lake Mohamed Amin. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943, wazazi wake wenye asili ya Punjab, akakulia Tanganyika. Alianza kupiga picha akiwa bado mtoto wa shule, kwa kamera ndogo ya bei rahisi. Mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi, alianzisha Dar es Salaam kampuni yake ya picha, akaiita Camerapix. Mwaka uliofuata yakatokea mapinduzi ya Unguja, naye akawahi huko na kamera yake. Mwaka 1966 alifungwa Unguja karibu mwezi mzima kwa sababu ya kazi hiyohiyo ya picha, kisha akafukuzwa Tanzania. Ndipo alipofanya makao yake Nairobi. Tarehe 5 Julai 1969, Tom Mboya alipopigwa risasi katika njia ya Nairobi, Amin alikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika, akazichukua zile saa za mwisho mpaka ndani ya gari la wagonjwa. Habari kubwa za Afrika ya Mashariki za miaka thelathini, ni chache zilizompita.

Lakini mtu huyohuyo alitengeneza pia vitabu vikubwa vya picha za rangi. Mwaka 1978 alitoa kitabu cha safari ya Hija ya Makka. Mwaka 1981 alitoa Cradle of Mankind, juu ya ziwa Turkana na watu wa kandokando yake. Mwaka 1982 kikafuata Journey through Kenya, na mwaka 1984 Journey through Tanzania, ambavyo alivifanya pamoja na mpiga picha mwenziwe Duncan Willetts. Hiki cha Tanzania kilitufikia Luvungi, kimechakaa jalada, mkononi mwa ndugu mmoja mfanyabiashara aliyekuwa akienda Kigoma mara kwa mara. Tukawaonyesha vijana wetu wa masomo ya jioni.

Hatutasema uwongo: walipendezwa sana, nasi pia tulipendezwa. Kilimanjaro na theluji yake, nyika ya Serengeti isiyo na mwisho, bahari ya pwani yenye rangi ambayo sisi watu wa ziwa hatuijui. Amin alijua kuingoja nuru. Alijua kupanda juu kwa ndege ili nchi ionekane kama mkeka uliotandikwa. Kijana aliyeketi Luvungi akapata kuona kwamba nchi jirani ni kubwa na nzuri. Faida hiyo si haba. Lakini baada ya kupindua kurasa nyingi, msichana mmoja aliuliza: "Mwalimu, watu wa huku wanalima saa ngapi?"

Wenzake walicheka. Sisi hatukucheka, maana alikuwa amelisema kosa la kitabu kizima kwa maneno machache. Watu wamo kitabuni, tena si wachache. Lakini wengi wao wamesimama katika nuru nzuri kama vile mti mzuri unavyosimama. Hatuambiwi kama wamepata mavuno au wamekosa. Miaka ile ya kwanza ya 1980 Watanzania walipata taabu nyingi. Watu walipanga mstari kwa ajili ya sukari na sabuni, na mafuta ya magari yalikuwa ya shida. Katika kurasa tulizozipindua hatukuuona mstari huo. Nchi ile katika kitabu ni kama nyumba iliyofagiliwa kwa ajili ya wageni. Mgeni hufurahi, lakini wenye nyumba wamejificha nyuma jikoni.

Hatusemi kwamba kitabu ni cha uwongo. Kila picha ni ya kweli, kwa maana mlima upo na nyika ipo. Twasema kwamba kimenyamaza. Vitabu vya namna hiyo huuzwa kwa bei kubwa, na wanunuzi wake wengi ni wageni na watalii. Nao hawapendi kununua mstari wa sukari. Mpiga picha alijua hayo, naye alikuwa na kampuni ya kulisha. Twamwelewa. Lakini kumwelewa mtu si kusema kwamba amefanya yote.

Sasa tutazame kazi ya pili, nayo ni ya mwaka uleule wa 1984. Mwezi wa Oktoba Amin alipata ruhusa, kwa taabu nyingi, kwenda kaskazini ya Uhabeshi, yaani Ethiopia, pamoja na Michael Buerk, mwandishi wa BBC. Walifika Korem na Makele, mahali ambapo watu kwa maelfu walikuwa wamekusanyika wakitafuta chakula. Tarehe 23 Oktoba sinema yao ilionyeshwa Uingereza. Urefu wake ni dakika saba hivi tu. Baadaye vituo zaidi ya 400 vya televisheni viliionyesha duniani. Sisi tuliitazama katika simu, miaka mingi baada ya siku zile, na hata hivyo darasa lilinyamaza kimya.

Yatupasa kuangalia jinsi sinema ile inavyoanza. Haianzi na uso wa mtoto mwenye njaa. Yaanza na nchi. Ni alfajiri, uwanda mpana, moshi na ukungu, nuru hafifu. Na chini, mpaka macho yanapokoma, watu waliojifunika nguo zao. Kamera yapita juu yao polepole. Mtazamaji mwanzoni hudhani anaona nchi tu, kama katika vile vitabu vizuri. Kisha atambua kwamba kile alichodhani ni mawe na udongo ni watu. Baadaye ndipo kamera inapokaribia, ikaonyesha mama na mtoto, na maiti waliofungwa katika nguo.

Hapa, kwa maoni yetu, ndipo Amin alipofanya kazi yake iliyo kubwa kupita zote, na tuseme sababu yake waziwazi. Jicho lake lililozoea kungoja nuru juu ya ziwa Turkana ndilo lililomsaidia Korem. Mtu wa habari tupu angalikimbilia nyuso. Amin aliona kwanza mahali. Na mahali pale si pambo la habari, bali ni sehemu ya habari yenyewe. Korem ni mahali pa juu sana, usiku baridi yake ni kali. Mtu mwenye njaa akilala nje bila blanketi, baridi yammaliza kabla ya njaa. Mtu akiiona ile alfajiri yenye ukungu, afahamu kwa nini watu walikufa usiku, bila kuhitaji maneno mengi. Ndivyo nchi na watu walivyoonekana katika picha moja. Msichana wetu hakuuliza tena watu wako wapi.

Matokeo yake yajulikana. Waimbaji wa Uingereza walitoa wimbo wa Band Aid kabla ya Noeli ya mwaka ule, na tarehe 13 Julai 1985 ikafanyika ile tamasha kubwa ya Live Aid, London na Philadelphia. Fedha nyingi zilitolewa, na watu wengi waliokuwa karibu kufa wakaishi. Mtu akituambia kwamba picha haiwezi kitu, tutamwonyesha dakika saba zile.

Hata hivyo mhakiki asiyetaja kosa ni mpiga makofi tu. Sinema ile ina upungufu, nao ni mkubwa. Mambo mawili hayamo.

La kwanza ni sababu. Mtazamaji wa London aliona ukame na njaa, akadhani ni mvua tu iliyokataa. Kweli mvua ilikataa. Lakini kaskazini ya Ethiopia palikuwa na vita vya miaka mingi kati ya serikali ya Mengistu na wapiganaji wa Tigrai na Eritrea. Na mwezi mmoja kabla ya sinema ile, Septemba 1984, serikali hiyo ilikuwa imefanya sherehe kubwa ya miaka kumi ya mapinduzi yake katika mji mkuu. Baadaye serikali ikawahamisha watu wapata laki sita kutoka kaskazini mpaka kusini-magharibi, wengi wao bila hiari yao, na wengi wakafa njiani na huko walikopelekwa. Madaktari wa Ufaransa wa Médecins Sans Frontières waliolipinga jambo hilo walifukuzwa mwaka 1985. Mtu mwema aliyetoa fedha zake kwa sababu ya picha hakujua hayo. Huruma yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa kama mgeni aliyeingia kijijini usiku: hakujua nani ni nani, akawaamini waliompokea mlangoni.

La pili ni majina. Katika taarifa ile yumo mwuguzi wa Msalaba Mwekundu, Claire Bertschinger, aliyekuwa Makele, ambaye kila siku ilimlazimu kuchagua watoto wachache wa kulishwa kati ya wengi. Tunamheshimu; mzigo ule ulikuwa mzito mno. Twamjua jina lake, tulisikia na maneno yake. Lakini wale waliokaa chini wakingoja kuchaguliwa, hatukusikia jina la hata mmoja. Mama yule alitoka kijiji gani? Alikuwa na shamba? Alitembea siku ngapi? Alikuwa akiitwaje na jirani zake? Walitazamwa na watu wengi sana, na hakuna aliyejua kuwaita.

Mtetezi wa Amin atajibu, nasi twataka kumsikiliza. Atasema: kazi ya mpiga picha ni picha, maneno yalikuwa ya mwandishi, na waliokata sinema walikuwa ofisini. Atasema tena: mtu anayekufa haulizwi jina na ukoo, na kama Amin angalikaa kuandika daftari, labda sinema ingalichelewa, na kila siku ya kuchelewa ilikuwa na makaburi yake. Maneno hayo yana uzito. Tena tukumbuke kwamba Amin hakuwa mtu wa kuja mara moja na kukimbia. Alirudi Ethiopia tena na tena. Mwezi wa Juni 1991, ghala la silaha lilipolipuka Addis Ababa, mwenzake John Mathai aliuawa papo hapo, na Amin mwenyewe akapoteza mkono wa kushoto. Alitengenezewa mkono wa bandia, akaishika kamera tena. Tarehe 23 Novemba 1996 alikufa katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa angani ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Komoro. Mtu wa namna hiyo hatuwezi kumwita mvivu wala mwoga.

Basi hatumhukumu mtu, twaipima kazi. Na kazi tukiipima twaona hivi: vitabu vyake vina nchi bila habari, sinema ya Korem ina nchi na watu, lakini haina majina wala sababu. Kazi ya kujaza hayo mawili aliwaachia waliokuja nyuma yake.

Nani hao? Sisi wa Kivu tunao. Mwaka 2020 mpiga picha Finbarr O'Reilly alipewa tuzo ya Carmignac ili afanye kazi juu ya Kongo. Ugonjwa wa korona ukafunga mipaka. Ndipo kazi ile ikafanyika pamoja na wapiga picha wa Kongo wenyewe, ikaitwa Congo in Conversation. Walikuwamo Moses Sawasawa, Guerchom Ndebo na Ley Uwera wa Goma, Raissa Karama Rwizibuka wa Bukavu, Arlette Bashizi, na wengine. Tarehe 22 Mei 2021 Nyiragongo ulipotapika moto hata ukafika ukingoni mwa Goma, Sawasawa na Ndebo hawakuhitaji ndege ya kuwaleta. Mlima ule ni wa kwao. Huuona kila asubuhi. Siku ile nchi yenyewe ilikuwa ndiyo habari, na aliyeipiga picha alijua barabara ipi imekatika na mtaa upi umeungua, kwa maana ni mitaa anayopita.

Lakini tusijidanganye kwamba kuzaliwa mahali kunatosha. Mtu wa kwetu naye aweza kuuza machozi ya jirani yake bila jina, akilipwa vizuri. Tena picha yake ikiisha kwenda mbali, maneno yaliyo chini yake yaweza kupotea njiani. Sisi watu wa Luvungi twalijua hilo kwa uchungu. Mwaka 2010 jina la Luvungi lilisikika duniani kwa sababu ya maovu makubwa ambayo watu wenye silaha waliwatendea wanawake. Ile ilikuwa Luvungi ya Walikale, Kivu ya Kaskazini. Yetu ni Luvungi ya uwanda wa Ruzizi, Kivu ya Kusini. Aliyesoma jina tu, bila kuambiwa wilaya wala barabara, aliweza kuwachanganya watu wa huku na wa kule, na kuwanyima wale dada zetu wa Walikale hata haki ya kujulikana mahali walipoteswa.

Kwa hiyo twaomba kwamba kila picha ya habari ijibu maneno manne: ni mahali gani, ni siku gani, ni nani, na ni kwa sababu gani. Kuhusu jina tuseme neno moja zaidi. Pana nyakati ambapo jina halifai kuandikwa gazetini: mwanamke aliyetendewa jeuri, mtu anayewakimbia wenye silaha, mtoto. Hapo jina lifichwe. Lakini kulificha jina ni tofauti na kutoliuliza. Anayelificha amelijua kwanza, amekaa na mwenye jina, amepata ruhusa yake. Asiyeliuliza amechukua uso na kuondoka nao.

Siku chache baada ya kutazama sinema ya Korem, tuliwaambia vijana wetu wenye simu: nendeni mkapige picha moja ya Luvungi, na mwandike chini yake yale maneno manne. Wengi walileta milima jioni, yenye rangi nzuri. Kijana mmoja alileta picha ya mfereji wa mpunga uliokauka, na bibi yake amesimama ndani yake na jembe. Picha ilikuwa imepinda kidogo, na jua lilikuwa nyuma, hata uso wa bibi ukawa mweusi. Lakini chini aliandika mahali na siku, na jina la bibi, ambaye alikubali. Akaandika kwamba ukingo wa mfereji ulibomoka wakati wa mvua, na mwaka ule hakuna aliyekuja kuutengeneza kwa kuwa vijana wa kazi walikuwa wamekimbia. Nyuma ya bibi uwanda ulionekana wote, mpaka milima ya Burundi.

Tuliibandika ukutani. Watu hupita, husoma, kisha humwuliza bibi habari ya mfereji wake.